Bahari na Pamba

Mtu aliyezaliwa pwani hudhani kuwa bahari ni mali yake, na mtu aliyezaliwa bara hudhani kuwa bahari ni habari ya watu wengine. Dhana hizi mbili ni ndugu, maana zote huifanya bahari kuwa urithi wa mahali, kama kiwanja au shamba. Walakini maji hayakai mahali pamoja. Hupanda yakawa mawingu, husafiri pasipo hati wala nauli, kisha hunyesha juu ya mashamba ya watu ambao hawataona wimbi la chumvi maisha yao yote. Insha hii ni habari ya mwalimu aliyeiamini dhana ya kwanza, ya mwanafunzi aliyedhulumiwa kwa ajili ya imani hiyo, na ya mchoraji mashuhuri ambaye kazi yake ilimfungua mwalimu macho pasipo mwenyewe kujua.

Mji wa Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Sehemu yake kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatolewa Mwanza. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya mibuyu, ya makundi ya ng'ombe, na ya pamba. Yapata mwezi Mei na Juni mashamba huwa meupe hata upeo wa macho, na watu huinama ndani yake tangu alfajiri. Kutoka hapo mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 600 kwa mkato wa ndege, na kwa barabara mwendo ni mrefu zaidi sana. Hata maji ya nchi hii huipa mgongo bahari hiyo. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, huelekea Ziwa Viktoria. Na maji ya ziwa hufuata Naili hata Bahari ya Mediterania, mbali kabisa na Tanga na Bagamoyo.

Huko ndiko alikohamishiwa mwalimu tunayemzungumza, mzaliwa wa Tanga, mwana wa nahodha wa jahazi. Alifika na sanduku moja la nguo na jingine la rangi na burashi, kwa kuwa tangu utoto wake alikuwa akichora vyombo vya baharini. Miaka miwili ya kwanza alichora kila jioni: jahazi limekunja tanga, ngalawa imepumzika mchangani, bandari wakati wa maji kupwa. Mwaka wa tatu aliacha. Alisema kuwa achora kwa kukumbuka, na kumbukumbu ni kama nguo ifuliwayo kila siku; kila ifuliwapo hupauka. Alihofu kusema uongo juu ya kitu alichokipenda. Burashi zikatiwa katika kopo, kopo likawekwa juu ya kabati, vumbi likafanya kazi yake. Akabaki na kazi ya kufundisha, aliyoifanya kwa bidii, na kiburi kidogo cha mtu aliyeona kitu ambacho wenziwe hawakukiona.

Siku moja aliwaamuru wanafunzi wake wachore picha juu ya jambo la safari. Wengi walichora mabasi, na wachache ndege. Msichana mmoja, binti wa mkulima wa Itilima, alichora bahari. Alichora uwanda usio na mwisho, wenye mafungu meupe yaliyopangwa mistari mistari, na kati ya mafungu hayo wanawake wamesimama, maji yamewafika kiunoni, wameinama kana kwamba wavuna. Mbali palikuwa na chombo kilichofanana zaidi na mkokoteni kuliko mashua. Mwalimu alipoitazama alicheka, kisha akaudhika. Akatwaa kalamu nyekundu akaandika chini yake: "Hii si bahari. Chora kitu ulichokiona." Akampa alama ndogo. Msichana aliisoma hukumu ile akiwa amesimama, akaikunja karatasi mara nne, akarudi kuketi. Tangu siku ile kila alipotakiwa kuchora alirudisha karatasi tupu.

Mwalimu hakulitia jambo hilo maanani. Darasa lilikuwa kubwa, na mtoto asiyefanya kazi moja si ajabu. Zilipita wiki nyingi hata Jumamosi moja mtu mzima alipobisha hodi kwake, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, baba. Karibu ndani."

Mgeni alikaribishwa kiti, akaulizwa habari za nyumbani, za mvua, na za pamba. Akajibu zote kwa utaratibu, kisha akasema:

"Mwalimu, sikuja kushitaki. Nimekuja kuuliza kama mwanangu anaumwa. Ukuta wa ghala langu alikuwa akiuchora kwa mkaa na udongo mweupe tangu hajaanza shule. Mama yake akiukandika upya, naye huanza upya. Msimu huu umepita, ukuta ni mtupu. Nimemwuliza, hasemi. Mimi picha sizijui. Lakini nyumba yangu imenyamaza."

Mwalimu alijua mara moja sababu ya ukimya ule, na kwa kuwa aliijua hakuweza kuitaja. Alisema, "Nitaangalia, baba." Maneno hayo hayakuwa uongo, wala hayakuwa kweli. Mgeni alishukuru, akaaga, akaenda zake. Mwalimu alibaki ameketi mbele ya kiti kitupu hata magharibi.

Katika siku zile alikuwa ameletewa na rafiki yake, aliyerejea kutoka masomoni Uingereza, kitabu kikubwa chenye picha za Lubaina Himid. Alikuwa hajakifungua. Alijua jina tu, na alijua kuwa mwenye jina hilo ni mzaliwa wa Zanzibar. Kwa hiyo alitazamia kukuta majahazi. Usiku ule, kwa kukosa usingizi, alikifungua.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, zama visiwa vilikuwa na Sultani chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi minne tu. Mama yake alikuwa Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kubuni nakshi za vitambaa. Alimchukua mtoto akarudi naye kwao, na msichana akalelewa London. Basi bahari ya Zanzibar ilimpita mtoto huyu akiwa amelala kifuani. Hakuchukua kumbukumbu hata moja. Kama kumbukumbu ya macho ndiyo haki ya kuichora bahari, yeye hakuwa na haki hiyo.

Walakini alichora. Alisoma kwanza usanifu wa jukwaa la michezo ya kuigiza katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akamaliza mwaka 1976, kisha akasoma historia ya utamaduni katika Royal College of Art, akamaliza mwaka 1984. Mwaka 1985 aliandaa mjini London maonyesho ya wanawake weusi wachoraji, wakati ambapo majumba makubwa yalikuwa hayajawafungulia milango. Baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha mji wa Preston.

Picha ya kwanza iliyomsimamisha mwalimu ilichorwa mwaka 1991. Jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema kuwa kati ya wawili moyo wangu umelingana mizani. Wanawake wawili weusi wameketi katika mashua ndogo, wamevaa nguo za rangi kali, na kati yao pana lundo la ramani, nao wanazichana. Picha hiyo ni jibu kwa mchoraji Mfaransa James Tissot, ambaye katika karne ya 19 alichora askari mmoja ameketi mashuani kati ya wanawake wawili, moyo wake hauna uamuzi. Himid alimwondoa askari, akaweka ramani mahali pake; na ramani ni kitu kilichotumiwa na wenye majeshi na wenye majahazi kugawana nchi za watu. Mwalimu aliitazama mashua ile kwa jicho la mwana wa nahodha. Haikuwa na tanga wala mlingoti wala kasia. Kwa kanuni yake mwenyewe ilistahili wino mwekundu. Lakini ilikwenda.

Akafungua kurasa nyingine. Katika miaka ya 1990 mchoraji huyu, akiwa mtu mzima mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, alikanyaga tena Zanzibar, na kutoka safari hiyo zikapatikana picha za mwaka 1999 zinazochukua jina la kisiwa. Hakuchora mandhari ya kuuzia wageni. Alichora mistari, nakshi na rangi, na moja katika hizo jina lake lataja machozi ya wanawake yanayoijaza bahari. Mwalimu alitulia juu ya ukurasa huo. Alikumbuka kuwa naye alipochora bandari ya Tanga aliwachora wanaume wakitweka matanga, wala hakumchora hata mara moja mama yake, aliyekuwa akisimama ufukoni akihesabu siku za kurudi kwa jahazi.

Palikuwa na habari nyingine nzito zaidi. Mwaka 1819 meli ya Kifaransa iitwayo Le Rodeur ilichukua watumwa kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi kuwapeleka Guadeloupe. Njiani maradhi ya macho yalienea, watumwa na mabaharia wakapofuka, na watumwa zaidi ya thelathini waliopofuka wakatupwa baharini wakiwa hai, kwa kuwa mtu kipofu hakuwa na bei. Tangu mwaka 2016 Himid alitoa mfululizo wa picha zenye jina la meli hiyo, lakini ndani yake hamna pingu wala damu. Mna watu waliovaa vizuri, wamesimama katika vyumba visivyotulia, na bahari i karibu. Macho yao hayakutani. Mwenye kujua habari hutetemeka. Asiyeijua huhisi kuwa pana jambo. Bahari hapa si uzuri wa machweo. Ni njia, na ni kaburi.

Na ukurasa uliomwamsha mwalimu kabisa haukuwa na bahari. Ulikuwa na pamba. Mwaka 2002 Himid alichora picha ndogo ndogo nyingi za nakshi nyeusi na nyeupe, kwa kuwakumbuka watu wa namna mbili wasiopata kuonana: watumwa waliochuma pamba katika majimbo ya kusini ya Marekani, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Manchester na miji ya jirani. Vita vya Marekani vilipopigwa kati ya mwaka 1861 na 1865 bandari za kusini zilizingirwa, pamba haikuvuka bahari, viwanda vikasimama, na wafanyakazi wa Uingereza wakaona njaa. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 1862 wafanyakazi walikutana Manchester wakamwandikia Rais Lincoln waraka wa kuunga mkono vita dhidi ya utumwa, naye akawajibu mwezi wa Januari 1863. Mchoraji alizifanya nakshi zake kuwa kama mazungumzo kati ya mikono iliyochuma na mikono iliyofuma. Kati ya mikono hiyo ilikuwapo bahari, na juu ya bahari ilipita pamba.

Mwalimu aliinua macho akatazama dirishani. Nje palikuwa na mji wa pamba uliolala. Miaka yote aliyokaa Bariadi alihesabu umbali wake na bahari kwa kilometa. Hakupata kuuhesabu kwa mizigo. Pamba ya Simiyu huchambuliwa, hufungwa marobota, na sehemu yake kubwa huenda bandarini kupakiwa melini. Kanga aliyofungwa nayo mgongoni mwa mama yake, yenye jina lililoandikwa chini yake, ilikuwa pamba iliyopata kuwa nyeupe katika shamba la mtu fulani. Himid naye huchora kanga na maneno yake, na mtu akiuliza amezipata wapi, jibu moja ni kuwa alizaliwa Zanzibar, na jibu jingine ni kuwa alilelewa na mama aliyefanya kazi ya nakshi. Alichonyimwa na macho alirithi kwa mikono.

Basi Jumapili mwalimu alipanda pikipiki ya kukodi akaenda Itilima. Alikaribishwa kwa heshima iliyomwaibisha. Kabla ya chakula aliomba kuuona ukuta wa ghala. Ulikuwa umekandikwa vizuri, nao ulikuwa mtupu kama alivyoambiwa. Bibi wa msichana, mama mzazi wa baba yake, alikuwa ameketi kivulini akitenga mbegu. Mwalimu alimwuliza kwa upole kama apata kuijua picha ya bahari ambayo mjukuu wake aliichora.

"Naijua," bibi alisema. "Si yake peke yake. Ni ya babu wa babu yake. Alikuwa mpagazi, alichukua pembe mpaka Bagamoyo. Alipozeeka, pamba imekwisha kuingia kwetu, watoto walimwuliza bahari ni kitu gani. Akawaambia: ni shamba jeupe lisilo na mwenyewe wala mwisho. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, hivyo ndivyo nilivyomwambia."

Hapo msomaji ataona jinsi dhuluma ilivyokuwa kubwa kuliko alama iliyotolewa. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa njia ya pwani. Walishuka na pembe, wakapanda na nguo, shanga, na kauri zilizotoka majini. Walirudi pia na habari. Hapana aliyezichora habari hizo juu ya turubai, lakini zilihifadhiwa vinywani. Na ufundi wa kuchora ukutani haukuwa mgeni katika Usukuma. Katika nyumba za wafuga nyoka wa kabila hilo kuta za ndani zilijaa picha, na Hans Cory alizikusanya katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1953. Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, nayo yamehifadhi mengi ya kazi za mikono za watu hawa. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hakuiona bahari alikuwa ameiona kwa jicho lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwalimu ndiye aliyekuwa na jicho la juzi.

Msichana aliitwa. Akaja akapiga goti kwa mgeni, akasimama kando ya baba yake. Si desturi ya mkubwa kumwomba radhi mtoto mbele ya wazazi, na maneno yalimwia mwalimu mazito. Alisema:

"Mwanangu, yale niliyoandika juu ya picha yako yalikuwa kosa langu. Uliichora bahari uliyopewa. Mimi ndiye sikuijua. Nitaibadili alama, na ningependa uniletee karatasi ile tuitundike darasani."

Msichana alitazama chini. "Karatasi haipo, mwalimu. Niliiwashia moto wa uji."

Hapana aliyesema neno kwa kitambo. Kuna makosa ambayo toba huyafikia yakiwa majivu. Alama iliweza kubadilishwa katika daftari, lakini picha haikuweza kurudishwa. Na kumwambia mtoto aichore tena ingekuwa dhuluma ya pili, kwa kuwa kitu kilichotoka chenyewe hakitoki kwa amri. Mwalimu hakumwambia hivyo. Alimwonyesha kitabu. Msichana alikifunua polepole juu ya mkeka, bibi yake akichungulia begani. Walipofika kwenye mashua ya wanawake wawili, bibi aliuliza ni karatasi gani zile wanazozichana. Akaambiwa ni ramani.

"Vema," bibi alisema. "Mume wa mtu alikwenda Bagamoyo bila hizo."

Alipoaga, mwalimu aliliacha kopo la burashi lililokuwa juu ya kabati lake, pamoja na rangi ambazo hazijakauka. Baba alitaka kulipa, akakataliwa. Basi akamfungia mgeni kuku, na hilo halikukataliwa. Kwa wiki nyingi hapakuwa na habari. Darasani msichana aliendelea na kazi zake kwa adabu, akichora yale yaliyotakiwa na mitihani, wala si zaidi. Mwalimu hakumharakisha. Alinunua burashi nyingine kwa ajili yake mwenyewe, akaanza picha ya mwanamke aliyesimama ufukoni anahesabu kwa vidole. Na kwa kuwa hakuweza kuukumbuka vizuri uso wa mama yake, aliuacha umegeukia bahari.

Lubaina Himid alipewa Tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika Maonyesho ya Venice ya mwaka 2026. Heshima hizo zilichelewa, kama heshima nyingi zichelewavyo. Mtu akitaka kujua mapenzi ya kweli ya kazi ni yapi, aitazame miaka iliyotangulia tuzo, si siku ya tuzo. Katika miaka hiyo mchoraji hukutana na watu wenye wino mwekundu, na si wote warudio kuomba radhi.

Msimu wa pamba uliofuata ulipofunguliwa, mwalimu alipita penye mizani ya chama cha msingi akamkuta yule mkulima wa Itilima amekaa juu ya magunia yake, anangoja zamu. Wakaamkiana, wakaulizana habari. Mkulima hakutaja bei, ingawa wote waliomzunguka walikuwa wakiitaja. Alisema kwamba juzi jioni alisikia mkwaruzo nyuma ya ghala, akadhani ni mbuzi. Alipokwenda kutazama alikuta mstari mmoja tu ukutani, wa udongo mweupe, umeanzia pembe moja ya ukuta na kuishia pembe nyingine.

"Ni mstari wa nini, baba?" mwalimu aliuliza.

"Sikumwuliza," mkulima akajibu. "Nilirudi ndani polepole."